Flashi ya Bi Mdogo

Feni ya kompyuta ilikuwa inazunguka na taa yake ya kijani inawaka, lakini kioo kilibaki cheusi, na katikati ya weusi ule mstari mmoja tu wa Kiingereza. Mwamvua aliusoma, akafuta kioo kwa ncha ya mtandio, akausoma tena. Usiku kucha umeme wa Kasulu ulikuwa umekatika na kurudi, na kila ukirudi ulirudi kwa nguvu ya kuunguza. Jirani yao muuza soda alikuwa ameshamaliza kuililia friji yake.

"Inasemaje?" aliuliza Nurudini, mumewe, tasbihi bado mkononi.

"Inasema haioni mfumo wa kuwashia."

"Haioni vipi, na mfumo umo humo humo?"

"Mimi nakusomea kilichoandikwa, Baba Abdalah. Sikukiandika mimi."

Duka lao lilikuwa steshenari ya kawaida: mashine ya kutoa kopi, rafu za madaftari, na kona yenye pazia jeupe ambako Mwamvua alipigia watu picha za pasipoti. Mji mzima ulijua kwamba mwenye duka ni Nurudini. Ulijua pia kwamba mwenye kompyuta ni mkewe. Yeye ndiye aliyepiga picha, aliyechapa barua, aliyejua kazi ya nani imehifadhiwa wapi. Wanachuo wa ualimu walimwita Mama Kompyuta, naye alijifanya kuchukizwa na jina hilo.

Fundi wa mtaa wa pili aliitwa. Akabofya hiki na kile, akasema Windows imekufa, dawa yake ni kupiga nyingine.

"Na vilivyomo?" Mwamvua aliuliza.

"Vilivyomo vinaondoka, mama. Hapo ni kuanza upya."

"Basi usiiguse. Humo mna watu."

Fundi alicheka. Mwamvua hakucheka. Ndani ya mashine ile mlikuwa na kila uso aliowahi kuuketisha mbele ya pazia lake, na nyuso zile zilikuwa na desturi ya kutafutwa. Wengine walirudi wenyewe kuongeza nakala. Wengine waliletwa na msiba: mtu amefariki, na picha pekee aliyopata kupigwa maishani ni ile ndogo ya pasipoti, sasa ndugu wanataka ikuzwe itangulie mbele ya jeneza.

Fundi alipoondoka, Nurudini alivuta punje kadhaa za tasbihi, kisha akasema bila kumtazama mkewe, "Firdausi ana ile flashi yake."

Mwamvua alikuwa analisubiri jina hilo. Firdausi alikuwa mke mdogo, aliyeolewa mwaka wa juzi na kuwekwa Kibondo kuangalia duka la pili.

"Flashi gani?"

"Ile aliyopewa kwenye kozi ya kompyuta. Unaichomeka, mashine inawaka kwa mfumo uliomo kwenye flashi yenyewe. Hata kama wa ndani umekufa. Na vya ndani haviguswi. Alinionyesha."

"Alikuonyesha lini?"

"Sasa hilo nalo ni swali?"

Lilikuwa swali. Nurudini alikwenda Kibondo kwa zamu zake, na Mwamvua alikuwa amejifunza kuzipitisha siku zile bila kuzipa sura: mume yuko kazini, duka la kule linataka macho. Sasa zilipata sura. Aliwaona wawili wameketi mbele ya kioo kimoja, vichwa vimekaribiana, mmoja anaonyesha na mwenzake anastaajabu. Katika miaka yote aliyomfanyia Nurudini kazi kwenye mashine hii, hata siku moja mume hakuvuta kiti akaketi kutazama.

"Mwite," alisema. "Duka ni lako."

*

Kesho yake asubuhi Nurudini alikwenda mwenyewe stendi kumpokea Firdausi. Mwamvua alilitia jambo hilo moyoni, maana yeye akitoka Ujiji kwao hupanda bodaboda na mizigo yake, akamkuta mume dukani anasoma gazeti.

Walipokuwa bado hawajafika, mzee mmoja aliingia dukani akavua kofia. Alikuwa amevaa koti la suti lililomzidi mabega, na viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu wa njia ya Munanila.

"Mwakeye, mama," alimwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, mzee wangu. Karibu ukae."

"Sikai. Mimi ni Ndayikeza. Mke wangu Apoline amelala hospitali hapa, amefariki jana. Kesho tunamzika nyumbani." Aliigeuza kofia mkononi. "Watoto wamesema mlimpiga picha hapa, ya bima. Sisi nyumbani hatuna. Hata moja. Wote walituambia, nendeni kwa Mama Kompyuta, yeye hapotezi mtu."

Mwamvua aliitazama mashine iliyokufa, akasikia aibu kana kwamba mzee amemkuta uchi.

"Ipo," alisema. "Namkumbuka. Njoo jioni, utaikuta kubwa, ya kuweka kwenye fremu."

"Asante chane," alisema mzee Ndayikeza, akavaa kofia, akarudi hospitali kuuandaa mwili.

Firdausi aliingia muda mfupi baadaye, amevaa abaya jeusi lililopigwa pasi vizuri mno kwa mtu aliyetoka safarini. Alikuwa na mwendo wa haraka na sauti ya chini. Alipiga goti kidogo kumsalimu Mwamvua.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Poleni na safari," alisema Mwamvua, ingawa msafiri alikuwa mmoja.

Flashi yenyewe haikuwa kitu cha kutisha. Ilikuwa nyekundu, fupi kama kidole gumba, imefungwa kwenye kamba pamoja na funguo za duka la Kibondo. Firdausi aliichomeka ubavuni mwa mashine, akaiwasha, na papo hapo akawa anagongagonga kitufe kimoja cha juu kwenye kibodi. Ukatokea ukurasa wa bluu wenye mistari michache. Akashuka hadi kwenye jina la flashi, akabonyeza. Kioo kikawa cheusi tena, na Mwamvua, Mungu amsamehe, akafurahi.

Kisha kikawaka. Haikuwa ile sura aliyoizoea ya majani na anga. Ilikuwa rangi ya zambarau, na vialama vimejipanga upande wa kushoto.

"Mashaallah!" Nurudini alipiga makofi mara moja. Alivuta kiti. Akaketi. "Unaona, Mama Abdalah? Mashine haina roho, imepewa roho ya kuazima."

"Naona."

"Hapa tunatumia mfumo wa kwenye flashi tu, Nuru," Firdausi alieleza, kisha akajirekebisha upesi, "Baba Abdalah. Vya ndani tunavichungulia tu. Dada, majalada yako ni haya?"

Mwamvua alisikia lile *Nuru* likipita sikioni kama maji ya moto. Yeye alimzalia mtoto ndipo akapata jina la kumwitia mumewe mbele za watu. Huyu hana mtoto, na amejitafutia jina lake, fupi, la chumbani.

Aliinama kwenye kioo. Majalada yake yote yalikuwepo, kwa majina aliyoyapa mwenyewe. Alimwelekeza Firdausi, fungua lile, shuka, fungua hilo, na uso wa Apoline wa Munanila ukajaa kiooni: mwanamke wa makamo, kitambaa cha kichwa cha kijani, macho yametazama mbele bila mzaha.

"Huyo ndiye," alisema Mwamvua.

Mashine ya kuchapia picha haikuutambua ule mfumo wa flashi, walijaribu, ikagoma. Firdausi akasema si neno, picha ihamishiwe kwenye flashi nyingine, wakachapishe kwa jirani. Nurudini akasema tena vihamishwe vitu vyote kabisa, naye anakwenda kutafuta diski ya nje ya kuvibebea.

"Vikishahama, nitauweka mfumo huu ndani moja kwa moja," Firdausi alimwambia. "Mashine itapona, itawaka yenyewe bila flashi."

"Itapona kabisa?"

"Kama mpya."

Nurudini alitoka akitabasamu, akiwaambia watu mlangoni kwamba mgonjwa amepata daktari kutoka Kibondo.

Firdausi alinyoosha mkono kwenye rafu ya kioo kuchukua flashi moja ya kuuza. "Niiokoe hii ya marehemu kwanza, dada."

"Hizo ni za biashara," Mwamvua alisema. "Hazifunguliwi mpaka mwenye duka arudi na diski yake."

"Ni picha moja tu, haitachukua hata—"

"Nimesema. Adhana imeshaadhiniwa, nenda nyumbani ukaswali, ule na chakula. Wali uko kwenye sufuria. Mimi nitalinda hapa. Nimelilinda duka hili kabla wewe hujajua kusoma saa."

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri kopi waliangalia pembeni. Firdausi aliweka flashi mahali pake, taratibu, akajifunga mtandio vizuri. Angeweza kubisha. Lakini alikuwa mgeni katika mji wa mwenzake, na tangu aolewe alikuwa anaogopa kitu kimoja: kuambiwa kwamba amekuja kujionyesha.

"Usiizime tu, dada," alisema, akatoka.

*

Wateja walikwisha. Jua la mchana lilikuwa limewafukuza watu barabarani, na bodaboda walikuwa wamelala juu ya pikipiki zao kwenye kivuli cha ukuta wa pili. Mwamvua aliketi kwenye kiti chake mwenyewe, mbele ya mashine yake mwenyewe, akatazama ile zambarau ya mtu mwingine.

Hakuwa na nia mbaya. Hilo alijiambia baadaye mara nyingi, na lilikuwa kweli, ingawa halikumsaidia. Alichotaka ni kwamba Nurudini arudi na diski yake akute mashine imepona, na aliyeiponya ni yeye. Alitaka avute kiti. Alitaka wale wa mlangoni waambiwe kwamba daktari alikuwa humu humu. Firdausi ametumia muda gani? Amechomeka, amegonga kitufe, amebofya. Yeye alishajifunza mambo magumu kuliko hayo bila kozi, kwa kukosea na kurudia, wakati huyo binti yuko darasani.

Kulikuwa na kialama kimoja kiooni, chenye mshale unaoshuka. Alikuwa amemwona Firdausi akikipita kwa makusudi. Chini yake pameandikwa neno ambalo kila mtu wa kompyuta analijua: kuweka mfumo. *Mashine itapona, itawaka yenyewe.* Maneno *vikishahama* yalikuwa yamesemwa pia, lakini yalisemwa kwa Nurudini, kwa sauti ya chini, na Mwamvua wakati ule alikuwa bado anaunguzwa na lile jina.

Akabofya.

Mashine ilimwuliza lugha, akachagua Kiingereza. Ikamwuliza kuhusu kibodi, akakubali. Ikamletea ukurasa mrefu wenye maneno kuhusu diski, akasoma mstari wa kwanza, wa pili ukamchosha, naye aliogopa Firdausi asimkute. Chaguo la juu lilikuwa tayari limewekewa alama. Ikauliza kama ana hakika. Alikuwa na hakika. Ikauliza jina la mwenye mashine.

Hapo alitua. Alilichapa polepole, kwa herufi kubwa: MWAMVUA.

Mstari wa chini ulianza kujaa rangi, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia. Aliutazama kwa raha. Ulipokwisha, mashine ikaomba ichomolewe flashi na kuwashwa upya. Akachomoa flashi nyekundu, akaiweka mbali kidogo, pembeni kabisa ya meza. Mashine ikazima, ikawaka. Yenyewe. Bila kuazima roho ya mtu. Katikati ya kioo lilitokea jina lake.

Aliingia kutafuta majalada yake ili aanze kuchapa picha ya Apoline.

Mlikuwa hamna kitu. Alifungua kila mahali. Palikuwa safi kama chumba cha nyumba mpya kabla ya kuhamiwa.

*

Firdausi alirudi akiwa na bakuli la wali kwa ajili ya Mwamvua, limefunikwa sahani. Alimkuta amekaa wima, mikono mapajani. Aliiona flashi juu ya meza. Akakiona kioo. Alilisoma lile jina lililokuwa juu pembeni, akaweka bakuli chini.

"Dada. Umefanya nini?"

Mwamvua alimsogezea kipanya.

"Umeweka moja kwa moja? Umekubali ifute?" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza tangu afike. "Nilisema baada ya kuhamisha! Nilitaka kuichukua ile picha ukanizuia!"

Nurudini alikuwa anaingia, diski mpya mkononi, na nyuma yake wanachuo watatu waliokuja kuchukua kazi zao. "Kuna nini?"

Nurudini akakisukuma kipanya mwenyewe, akafungua asichokijua, akafunga, akafungua tena.

"Mbona tupu?"

"Vimefutika," alisema Firdausi.

"Vimefutika!" Aligeuka, na uso uliokuwa unatabasamu asubuhi haukuwepo. "Si ulisema flashi yako haigusi vya ndani? Si ulisema? Nimekutoa Kibondo kwa nauli, nimewaambia watu, halafu unakuja kunimalizia duka?"

"Si mimi—"

"Ni nani basi? Flashi ya nani? Kozi ya nani? Chukua mkoba wako urudi kwenye duka lako. Angalau kule nikipata hasara naipata mbali na macho ya watu!"

Mwanachuo mmoja aliuliza kwa woga kama ripoti yake ya mazoezi ya kufundisha ilikuwemo. Firdausi alikuwa ameshika ukingo wa kioo, vidole vimekaza. Alikuwa anataka kukigeuza kidogo tu, mume alisome lile jina. Alikuwa na haki ya kukigeuza. Alifikiria nyumba ya Kasulu yenye vyumba vingi, na mtoto anayeitwa Abdalah, na yeye Kibondo peke yake siku nyingi za juma, akipika chakula cha mtu mmoja. Mwache dada naye leo aonekane mbaya, aliwaza. Siku moja tu.

Mwamvua aliona vidole vile, akajua vinataka nini. Akaona pia kwamba vimesita.

"Mwache," alisema, akasimama. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nimefuta mimi. Alipokwenda kuswali. Nilitaka niiponye mwenyewe. Jina langu hilo hapo juu, soma."

Nurudini alisoma. Kisha akafanya jambo ambalo Mwamvua hakulitarajia: akacheka, kicheko kifupi cha puani, akawatazama wanachuo kama anayewaomba ushahidi.

"Mnaona? Ndiyo maana nilimwita mwenzio. Nilijua wewe hapa umefika mwisho wako, mama. Mambo ya sasa yanataka damu changa."

Hakuna aliyecheka naye. Maneno yale yalimpiga Mwamvua mahali pasipo na kinga. Alitafuta pa kuweka macho, akayaweka kwenye bakuli la wali. Na Firdausi, ambaye maneno yalimsifu, yalimpendeza kwa muda mfupi mno. Aliona jinsi yalivyotoka kwa wepesi. Yalikuwa yanasubiri mdomoni. Siku moja, aliwaza, yatasemwa Kibondo, mbele ya wateja wangu, na damu changa itakuwa ya mwanamke ambaye leo hata jina lake sijalisikia.

"Nipe hiyo diski," alimwambia mumewe. Hakumwita jina lolote.

"Ya nini sasa?"

"Nipe, halafu utupishe. Dada, vuta kiti."

*

Firdausi alichomeka tena flashi nyekundu, akagonga kile kitufe, akaiwasha mashine kwa roho ya kuazima kama mwanzo. Safari hii alifungua ukurasa mweusi na kuandika maneno mafupi.

"Mfumo uliouweka umekaa juu ya vitu vya zamani," alieleza huku akiandika, "lakini ni mdogo, haujafunika diski nzima. Vilivyo chini bado vipo. Ila mashine imesahau majina yake. Vitakuja ovyo, picha, barua, vipande, bila jina hata moja. Na vingine vitakuja vimekatika."

"Vitakuja vingi?"

"Vingi sana. Mimi marehemu nimemwona mara moja. Wewe ndiye unayewajua hawa."

Ndivyo walivyokaa. Picha zilianza kuingia kwenye diski mpya, ndogondogo, safu kwa safu. Mwamvua alizikagua uso kwa uso. Huyu ni muuza vitenge. Huyu alikuwa mwalimu, amehamia Kigoma. Hawa mapacha walikuja kuandikishwa shule, yule wa kulia alilia. Huyu amekufa. Huyu ni Reverien, fundi baiskeli, alirudi mara nne kwa sababu kila picha alifumba macho. Firdausi alikuwa anasogeza kurasa na kusikiliza. Mwanzoni alisikiliza kwa kazi, baadaye akasahau kuwa ni kazi, akauliza na huyu je, na huyu.

Nyuso nyingine zilitoka nusu, chini ya pua ni kijivu kitupu. Kila ilipotoka ya namna hiyo, Mwamvua alisema "Astaghfirullah" kwa sauti ya chini, na Firdausi akasogeza haraka.

Waliwapata watu wengi. Ripoti ya yule mwanachuo ilipatikana, nzima, naye akaondoka akishukuru. Wengine hawakupatikana siku ile, wala baadaye. Picha ya Apoline ya kitambaa cha kijani na macho yasiyo na mzaha ilitokea karibu na alasiri kwisha, na ilikuwa imekatika. Paji la uso tu, na nyusi. Chini yake kijivu.

Mwamvua alifunika uso kwa viganja.

"Usikate tamaa, dada. Ulimpiga moja tu?"

"Moja ndiyo niliyochapa." Aliondoa viganja. "Lakini nilimpiga zaidi. Ziliharibika. Endelea."

Walipata iliyoharibika kurasa chache mbele. Ilikuwa nzima, kuanzia kitambaa hadi vifungo vya gauni. Firdausi aliikuza ijae kioo.

*

Mzee Ndayikeza alikuwa amekwisha rudi, ameketi kwenye benchi la nje, kofia gotini. Nurudini alikuwa anamweleza habari za umeme wa Kasulu. Mwamvua alitoka na picha mkononi, imechapwa kwa jirani, kubwa, na wino wake bado una harufu. Firdausi alisimama mlangoni.

"Mzee, nisikilize kwanza," alisema Mwamvua. "Ile uliyoifuata, ya bima, imepotea. Nimeipoteza mimi mwenyewe leo, kwa mikono yangu. Nakuomba radhi. Hii ni nyingine. Hakuna aliyewahi kuiona, kwa sababu picha ya pasipoti hairuhusiwi mtu kucheka, na hapa alicheka."

Mzee alipokea picha kwa mikono miwili. Apoline alikuwa amecheka kweli kweli, kichwa kimekwenda nyuma kidogo, pengo la jino la pembeni linaonekana, macho yamebaki mistari miwili.

Aliitazama kwa muda mrefu. Wote walidhani atalia. Badala yake alinyanyua uso, na ukali kidogo ulikuwa umeingia kwenye sauti yake. Aliuliza kama mume, si kama mfiwa.

"Alikuwa anamchekea nani?"

"Mzee..." Nurudini alianza.

"Nauliza. Nilimtuma huku peke yake siku hiyo, mimi nilikuwa shambani. Nani alimchekesha hivi?"

"Ni mimi," alisema Mwamvua. "Alikuwa anatabasamu tabasamu, picha haziwi. Nikamwambia, mama, nuna kidogo. Fanya kama umemkasirikia mumeo. Akaniuliza, hufanywaje? Nikamwambia, huwezi kukosa kujua. Akasema, yule mzee hajanipa nafasi ya kujifunza. Akajaribu kununa, ikamshinda, akaangua kicheko. Ndiyo hii."

Mzee Ndayikeza aliirudia picha. Midomo yake ilitembea kama anayerudia maneno yale kwa Kiha, ayasikie yalivyokuwa. Kisha koti lile kubwa likaanza kutikisika mabegani. Alilia bila kujificha, barabara nzima ikimwona, na alipomaliza aliingiza picha ndani ya koti, upande wa kifuani, akaaga.

Nurudini alikuwa anatafuta neno la kusema kwa mtu, yeyote. Hakuna mke aliyemtazama. Firdausi alikuwa bado mlangoni, na Mwamvua barazani, na wote wawili walikuwa wanaangalia njia aliyopita mzee na picha yake. Walichokisikia moyoni kilikuwa kitu kimoja, na kila mmoja alikijua vizuri kwa sababu alikuwa amekaa nacho siku nzima kwa ajili ya mwenzake. Ila sasa walimwonea wivu marehemu.

*

Asubuhi Mwamvua ndiye aliyemsindikiza Firdausi stendi. Nurudini alisema ana kazi. Walitembea bila maneno mengi. Flashi ilikuwa shingoni mwa Firdausi na funguo zake. Hakutoa ahadi ya kuiacha siku nyingine, na Mwamvua hakuiomba. Yale waliyokuwa nayo kati yao yalikuwa bado yapo. Mume alikuwa mmoja, na wiki ijayo angepanda gari la Kibondo kama kawaida.

Gari lilikuwa linangojea abiria wajae. Firdausi alipanda, akakaa dirishani, akafungua kioo.

"Dada. Yale uliyomwambia mzee. Ni kweli, au ulimpoza?"

"Kweli."

"Hata kidogo hukuongeza?"

Mwamvua aliangalia pembeni, ambako kondakta alikuwa anafunga gunia la mihogo mikavu juu ya gari.

"Nilipunguza," alisema. "Aliposhindwa kununa, alinitazama usoni akaniambia, mwanangu, wewe naona unaijua sana hii kazi ya kumnunia mume, nifundishe."

Firdausi alizuia kicheko kwa kiganja, kikampita.

"Ukamjibuje?"

"Ningemjibu nini?" alisema Mwamvua. Gari lilianza kutetemeka, akarudi nyuma hatua moja. "Nilimwambia atazame mbele."